Jina la Askari Katika Daftari

Asubuhi moja, baada ya Misa, mzee mmoja wa parokia yetu hapa Lubumbashi aliingia katika ofisi ya parokia akishika bahasha ya kaki iliyofungwa kwa uzi. Tukaamkiana, "Tumsifu Yesu Kristu," "Milele na milele, amina," naye akaketi. Hakusema upesi. Alifungua uzi polepole, akatoa kijitabu ambacho kurasa zake zimelegea kwa uzee, akakiweka mezani kwa mikono miwili.

"Mwalimu," akasema, "hiki ndicho kitabu changu cha askari. Nambari ni yangu. Miaka ya kazi ni yangu. Lakini jina si langu. Nataka lisahihishwe kabla sijafa."

Nikamwuliza, "Basi, Baba, jina hili ni la nani?"

"Ni la mkubwa wangu, ndugu yangu wa tumbo moja."

Ndipo akanieleza. Mwaka 1955, kule kwao upande wa Kasenga karibu na mto Luapula, chifu aliagizwa atoe vijana wa kwenda jeshini. Jina la mkubwa wake likatiwa katika orodha. Usiku ule mkubwa akavuka mto kwa mtumbwi, akaingia Rodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo, kutafuta kazi katika migodi ya shaba. Chifu akaogopa adhabu. Akamshika mdogo, kijana wa miaka 18, akampeleka mahali pa ndugu yake. Mbele ya karani orodha ilikuwa imekwisha kuandikwa. Karani aliita jina, kijana akaambiwa aitike, naye akaitika. Tangu siku ile, muda wa miaka mitano, kila asubuhi alipohesabiwa pamoja na wenzake aliitikia jina la mtu mwingine.

Mzee huyu alikuwa amekwisha kwenda katika ofisi moja kuomba sahihisho. Huko aliambiwa hivi: "Kama wewe ndiwe mtu wa kitabu hiki, jina lako ni hili, nenda zako. Kama siwe, basi hukuwa askari hata siku moja." Angalieni shida ilivyo. Akinyamaza, atazikwa kwa jina la ndugu yake, na watoto wake hawataweza kuonyesha kuwa baba yao alitumikia. Akisema kweli, yaweza kuwa atanyang'anywa hata kile kidogo alicho nacho.

Wasomaji wapenzi, habari hii si ya mzee mmoja tu. Katika nyumba nyingi za Katuba, za Kenya, za Kamalondo na za Ruashi kuna bahasha kama ile, chini ya godoro au ndani ya sanduku la bati. Wazee wetu walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini mtu aliyeandikwa vibaya katika daftari hupoteaje? Na aweza kurudishwaje? Ili tufahamu, yafaa tutazame historia.

JESHI LILILOANDIKA WATU

Jeshi la zamani la Kongo liliitwa Force Publique. Lilianzishwa katika miaka ya 1880, wakati wa Mfalme Leopold II, na askari wake wa kwanza wengi walikuwa wageni: watu wa Zanzibari na watu wa Afrika ya Magharibi. Baadaye serikali ikaona ni rahisi zaidi kuwachukua watu wa nchi yenyewe. Tangu mwaka 1891 machifu walitakiwa kutoa vijana kwa hesabu iliyowekwa na serikali. Walikuwako waliojitolea, ni kweli, lakini wengi walitolewa. Muda wa kazi ukawa miaka 7.

Nani alitolewa? Chifu mwenye busara alitafuta kijana mwenye nguvu asiye na mke. Chifu mwingine alimtoa mtu asiye na mtetezi: yatima, mgeni, mwenye deni, au yule aliyegombana naye. Kijana aliyeitwa aliweza kukimbia, na mahali pake akawekwa mwingine. Karani hakuuliza mengi. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba hesabu ya watu inalingana na hesabu ya majina.

Hapo kijana alipewa nambari, ile waliyoiita kwa Kifaransa "matricule". Akaandikiwa jina, jina la baba na la mama, kijiji, chifu, teritwari, kabila, mwaka wa kuzaliwa, na alama za mwili kama makovu na chanjo. Ukurasa huo mmoja uliandikwa kwa muda mfupi sana, mara nyingi na mtu asiyejua lugha ya yule aliyesimama mbele yake. Lakini ulimfuata mtu maisha yake yote.

MAKOSA YALIINGIAJE?

Kosa la kwanza ni la sikio. Mbelgiji asemaye Kifaransa akitaka kuandika sauti yetu ya "u" huandika "ou". Mwenzake Mflamandi katika lugha yake huandika "oe". Sauti ya "ch" wao huandika "tsh". Kwa hiyo mtu mmoja aweza kuwa Mwamba katika karatasi moja, Muamba katika ya pili, na Mouamba katika ya tatu. Ngoy huwa Ngoie au Ngoi. Kabwe huwa Kabue. Kyungu huwa Kiungu. Kwetu sisi tunaosikia, ni jina moja. Kwa karani anayepanga kadi kwa alfabeti, ni watu watatu waliolala katika masanduku matatu.

Kosa la pili ni la umri. Wazee wetu walihesabu miaka kwa mambo: mwaka wa nzige, mwaka wa njaa, mwaka wa kujengwa njia ya reli. Mwandishi alimtazama kijana, meno na ndevu, akaandika mwaka aliokisia. Ndiyo maana katika hati za zamani mnaona neno "vers", maana yake "karibu na". Neno hilo dogo lilikuwa ni kukiri: hatujui. Lakini wenye kunakili baadaye waliliacha, na kisio likageuka kuwa kweli.

Kosa la tatu ni la mahali. Vijiji vilihamishwa, machifu waliunganishwa, na mipaka ya teritwari ilibadilishwa mara nyingi. Miji pia ilibadilishwa majina. Elisabethville iliitwa Lubumbashi tangu 1966, na Jadotville ikawa Likasi. Jimbo la Katanga likaitwa Shaba tangu mwanzo wa miaka ya 1970, likarudi kuwa Katanga mwaka 1997, na mwaka 2015 likagawanywa, sisi tukawa Haut-Katanga. Mtu aliyezaliwa mahali pamoja asiposogea hata hatua moja aonekana katika karatasi kama amezaliwa mahali pengi.

Kosa la nne ni lile la mzee wetu: mtu kuchukua mahali pa mtu. Hili ni zito kuliko yote, kwa sababu halikuingia kwa sikio wala kwa kalamu. Liliingia kwa hofu.

JINA LILIBEBA NINI?

Mtu aweza kuuliza: karatasi ya zamani hivyo, ina faida gani? Tukumbuke basi mambo ambayo majina hayo yaliyapitia.

Katika Vita vya kwanza vya dunia askari wa Kongo walikwenda kuwasaidia Waingereza katika Rodesia ya Kaskazini, nao walikuwako Saisi mwaka 1915 ngome ile iliposhambuliwa na Wadachi. Mwaka 1916, chini ya Jenerali Charles Tombeur, waliingia katika Afrika ya Mashariki ya Wadachi. Kikosi cha kusini, kilichoongozwa na Mdenmarki Frederik Olsen, kilitwaa Kigoma na Ujiji. Siku ya 19 Septemba 1916 Tabora ikaanguka mikononi mwao. Mwaka uliofuata walifika Mahenge. Nyuma yao walitembea wapagazi. Wanahistoria hutaja hesabu ya wapagazi wapata 260,000 kwa upande wa Kongo. Walibeba risasi, unga na wagonjwa, wakafa kwa kuhara, kwa baridi na kwa uchovu kuliko kwa bunduki.

Katika Vita vya pili askari wa Kongo walivuka Sudani wakaingia Uhabeshi kupigana na Waitalia. Walitwaa Asosa na Gambela mwezi wa Machi 1941, kisha wakapanda milimani hadi Saio. Tarehe 3 Julai 1941 Jenerali Pietro Gazzera alijisalimisha kwa Jenerali Gilliaert, na pamoja naye majenerali wengine, jumla yao 9. Baadaye vikosi vilipelekwa Nijeria, Misri na Palestina. Hospitali moja ya vita ya Kongo, yenye Wakongo wapata 350, ilikwenda mbali zaidi hata Burma. Huko iliwatibu majeruhi wa Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki, yaani ndugu zetu wa Kenya, Tanganyika, Uganda na Nyasa. Ni rahisi kufikiri kwamba katika misitu ile Kiswahili kilisikika kitandani kwa mgonjwa.

Tarehe 8 Juni 2022 Mfalme Philippe wa Ubelgiji, alipozuru Kinshasa, alimvika nishani Koplo Albert Kunyuku, mzee wa miaka 100, aliyetumikia katika vita hivyo vya pili. Wengi walifurahi kuona picha ile. Lakini fikirini: ili mtu avikwe nishani baada ya miaka karibu 80, yapasa kwanza iweko karatasi inayosema kwamba ni yeye. Wenzake waliokuwa na karatasi mbovu, au wasio na karatasi, walikufa bila kuitwa.

Wala si Kongo tu. Mwezi wa Aprili 2021 tume ya Waingereza inayotunza makaburi ya vita ilitoa taarifa juu ya Vita vya kwanza. Ilikiri kwamba watu kati ya 45,000 na 54,000, wengi wao wa Afrika na Asia, walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wengine. Ilikiri tena kwamba wasiopungua 116,000, na labda hata 350,000, hawakuandikwa majina kabisa au hawakukumbukwa kwa lolote. Waziri wa ulinzi wa Uingereza aliomba radhi bungeni. Huko Dar es Salaam na Nairobi mtaona sanamu za askari na wapagazi, nzuri kweli. Lakini askari wa shaba hana jina. Kaburi la Mzungu lina jina, cheo na tarehe. Mwafrika alipewa sanamu moja kwa wote.

Hapa kwetu yuko Mkongo aliyeliona jambo hili mapema. Paul Panda Farnana alipigana katika jeshi la Ubelgiji mwaka 1914, akatekwa, akakaa mfungwa Ujerumani hadi mwisho wa vita. Mwaka 1919 alianzisha huko Brussels chama cha Union Congolaise, akatetea heshima na haki za Wakongo waliotumikia vitani. Alifariki mwaka 1930. Alijua kwamba kusahauliwa huanza kwa kuandikwa vibaya.

MAJESHI MENGI, MTU MMOJA

Mwaka 1960 ulileta mambo mengine. Tarehe 5 Julai askari waliasi huko Thysville, na baada ya siku chache uasi ukafika katika kambi ya Massart hapa mjini, ile tuiitayo leo kambi ya Vangu. Force Publique ikaacha jina lake, ikawa Armée Nationale Congolaise. Mkubwa wake wa kwanza Mkongo akawa Victor Lundula, meya wa Jadotville, kwa sababu alikuwa amepata kuwa askari wakati wa vita. Angalieni jinsi miaka michache ya utumishi wa zamani ilivyoweza kumgeuza meya kuwa jenerali.

Tarehe 11 Julai Katanga ikajitenga, nayo ikaunda jeshi lake la jandarma. Utengano ukaisha Januari 1963. Jandarma wengine walitiwa katika jeshi la taifa, wengine wakaenda zao, wengine wakakimbilia Angola, na kutoka huko walirudi na silaha katika vita vya Shaba mwaka 1977 na 1978. Jeshi la taifa lenyewe likabadilishwa jina wakati wa Zaire, tena mwaka 1997, tena mwaka 2003. Kila jeshi lilikuwa na kitabu chake, na kila kitabu kilinakili makosa ya kile cha kwanza au kiliongeza yake. Na hati nyingi za serikali ya kikoloni hazikuwako tena: uhuru ulipokaribia, zilisafirishwa kwenda Brussels.

Kisha ukaja mwaka 1972. Joseph-Désiré Mobutu, ambaye katika ujana wake alikuwa karani katika Force Publique, alijiita Mobutu Sese Seko, akaamuru wananchi waache majina ya Kikristu na kuchukua majina ya mababu. Sheria ya mwaka 1973 ikakaza amri hiyo. Kardinali Malula alipopinga ilimpasa kukaa Roma kwa muda. Mapadri walitishwa kwa kifungo kama wakibatiza kwa majina ya kigeni. Nia ya kuheshimu majina ya mababu haikuwa mbaya. Sisi sote tunajivunia majina hayo. Lakini kwa askari mzee, tendo lile lilivunja kamba. Kitabu chake cha zamani kilisema Joseph Ilunga, kadi yake mpya ikasema Ilunga na jina jingine la babu. Karani kijana akatazama karatasi mbili akasema: watu wawili.

DAFTARI ZA MISIONI

Sasa nirudi kwa mzee wetu. Nilimwuliza alibatizwa wapi. Akataja misioni. Tukamwandikia Padri wa huko, na baada ya majuma kadhaa tukapata jibu.

Wakristu wengi hudhani kitabu cha ubatizo ni cha kutafutia cheti cha ndoa tu. Sivyo. Tangu Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, Kanisa linawadai maparoko watunze daftari. Kitabu cha ibada cha mwaka 1614 kiliweka namna ya kuziandika. Hata leo sheria ya Kanisa, kanuni ya 535 na ya 877, yamtaka paroko aandike jina la mbatizwa, wazazi, wasimamizi, mahali na siku ya ubatizo, na mahali na siku ya kuzaliwa. Katika Katanga desturi hiyo ililetwa na Mapadri Weupe waliopokea Mpala mwaka 1885, kisha na Wabenedikti waliofika Elisabethville mwaka 1910 na Wasalesiani mwaka 1911. Mmisionari naye alikosea tahajia, tusifiche. Lakini alikuwa na faida tatu juu ya karani wa jeshi. Alimwandika mtoto akiwa mdogo, kwa hiyo umri haukupotea mbali. Alimwandika mbele ya wazazi na wasimamizi. Na mara nyingi alijua lugha ya kijiji.

Tena liko jambo moja ambalo wengi hawalijui. Mtu akifunga ndoa katika parokia nyingine, hata nchi nyingine, habari hupelekwa kwenye parokia ya ubatizo, nayo huandikwa pembezoni mwa jina lake. Kitabu cha ubatizo humfuata mtu kokote aendako.

Jibu la Padri lilikuwa na mistari miwili iliyonakiliwa. Mstari wa kwanza: mkubwa, amebatizwa mwaka 1931. Mstari wa pili: mdogo, amebatizwa mwaka 1937, jina la ubatizo lile lile ambalo mzee wetu anaitwa kanisani hadi leo. Na pembezoni mwa mstari wa kwanza yalikuwako maneno machache kwa Kilatini: huyu amefunga ndoa Mufulira, mwaka 1957.

Niliposoma maneno hayo nilinyamaza kidogo. Mwaka 1957, kwa kitabu cha askari, mtu mwenye jina hilo alikuwa kambini Elisabethville akihesabiwa kila asubuhi. Kwa kitabu cha Kanisa, mtu huyo huyo alikuwa Mufulira amesimama mbele ya altare na bibi arusi. Mtu hawezi kuwa mahali pawili. Basi aliyekuwa kambini ni mwingine. Nani? Tukatazama tena ukurasa wa alama katika kitabu cha askari. Iliandikwa: kovu juu ya jicho la kushoto. Nikainua macho. Kovu lilikuwako, limejificha katika makunyanzi.

"Nililipata nikichunga mbuzi," akasema. "Mkubwa wangu ndiye aliyenibeba nyumbani."

KUSAHIHISHA SI KUFUTA

Wasomaji wengi wenye shida ya namna hii wataniuliza: tufanye nini? Nasema yale niliyojifunza katika kumsaidia mzee huyu.

Kwanza, msiguse karatasi ya zamani. Kuna watu hukwangua herufi kwa wembe, au huongeza mwaka kwa kalamu, wakidhani wanasaidia. Karatasi iliyokwanguliwa imekufa. Wako pia wajanja wenye mihuri ya bandia wanaotembea mjini. Kimbieni hao. Karatasi moja ya uongo huharibu kumi za kweli.

Pili, shikeni nambari. Jina laweza kuandikwa kwa namna tano, lakini nambari ya askari ni moja. Nakilini nambari hiyo mahali pawili au patatu, mkampe mtoto mmoja aitunze.

Tatu, tafuteni kitabu cha ubatizo. Kama misioni ilichomwa wakati wa maasi ya mwaka 1964, au kama kitabu kimeliwa na mchwa, msikate tamaa upesi. Sheria ya zamani ya Kanisa iliwataka maparoko wapeleke nakala ya daftari zao kwa Askofu kila mwaka. Mahali ambapo agizo hilo lilifuatwa, ulizeni huko jimboni.

Nne, wapateni mashahidi wangali hai. Mzee anayekumbuka alilala kitanda gani kambini, pamoja na nani, chini ya mkubwa gani, ni kitabu kisichochapwa. Kila tunapozika mmoja tunazika ukurasa.

Tano, nendeni kwa njia ya sheria. Sheria ya Jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, imeweka njia ya kusahihisha hati za uraia kwa hukumu ya mahakama. Mlango wa kwanza ni mahakama ya amani, ile iitwayo tribunal de paix. Asiye na hati ya kuzaliwa aweza kuombewa hati ya ushuhuda, acte de notoriété. Hukumu ikipatikana, ndiyo ipelekwe katika ofisi ya jeshi pamoja na nakala za karatasi nyingine.

Sita, kwa wale wa Force Publique, hati za serikali ya kikoloni ziko Brussels. Zilitunzwa miaka mingi na wizara ya mambo ya nchi za nje, na zimekuwa zikihamishiwa katika Hazina ya Taifa ya Hati ya Ubelgiji. Mtu aweza kuandika barua. Atie nambari, jina kwa tahajia zote anazozijua, kijiji, chifu na mwaka wa kuandikwa.

Na neno la mwisho katika jambo hili: kusahihisha si kufuta. Katika daftari la Kanisa hatukati jina lililoandikwa. Tunaandika pembezoni: tazama, jambo hili lilikuwa hivi, na limethibitishwa siku fulani na mtu fulani. Hati za serikali nazo husahihishwa kwa neno la pembezoni. Desturi hii ina hekima. Atakayesoma baadaye ataona kosa na sahihisho pamoja, naye atajua kwamba watu walikosea na kwamba walijirudi.

Wanaosoma Maandiko watakumbuka kitabu cha Ezra, sura ya 2. Watu waliporudi kutoka Babeli, jamaa fulani za makuhani walitafuta majina yao katika orodha za ukoo wasiyaone. Wakaondolewa katika kazi ya ukuhani. Lakini hawakufukuzwa kabisa. Waliambiwa wangoje mpaka atokee kuhani wa kuuliza shauri la Mungu. Mimi naona hapo fundisho kwa kila karani, wa serikali na wa Kanisa. Asipoona jina, asiseme upesi, "Mtu huyu hayuko." Aseme, "Ngoja, tutafute." Mtu amesimama mbele yako, na wewe watazama karatasi kuona kama yuko!

Mzee wetu alifika mahakamani na mashahidi wawili, barua ya Padri na kitabu chake. Kabla ya siku hiyo alikuja tena kwangu usiku, na shaka moyoni. "Mwalimu," akauliza, "nikisema haya, je, sitamtia mkubwa wangu aibu? Yeye amekufa huko Zambia. Watoto wake wataambiwa baba yao alikimbia."

Sikuwa na jibu tayari. Nilimwambia kwamba kijana aliyekataa kuchukuliwa kwa nguvu usiku hakuiba kitu cha mtu, na kwamba kijana aliyeitikia jina la ndugu yake kwa kuogopa hakulitafuta jina hilo. Akafikiri kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Basi waandike yote mawili. Yeye alikwenda Mufulira, mimi nilikwenda kambini. Kila mmoja arudishiwe njia yake."

Hakimu aliandika hivyo: kwamba mwenye nambari ile ndiye mzee huyu, kwa jina lake mwenyewe. Karatasi zimepelekwa katika ofisi inayohusika, na mpaka leo ninapoandika, jibu halijafika. Lakini Jumapili moja mzee alikuja Misani na mjukuu wake wa kike, aliyekuwa amesafiri kutoka Mufulira. Walikaa benchi moja. Misa ilipokwisha alimleta kwangu, akanionyesha, akasema, "Mwalimu, huyu ni mtoto wa mtoto wa mkubwa wangu. Amepata barua yetu. Amekuja kuona mtu aliyetunza jina la babu yake miaka hii yote."